Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Idd huja na bamvua

Mheshimiwa,

Salaam na heshima. Nakuandikia kuhusu boti zinazopeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo siku za sikukuu, pamoja na mashua za wavuvi zinazokodiwa na familia zinazotaka kwenda kutupa mshipi nusu siku. Ni starehe nzuri, tena si ya matajiri peke yao. Watu wa Tegeta au Mbagala wakichangishana wanapata chombo, wanakula changu wa kukaanga kisiwani, na watoto wanarudi wameungua jua, usingizi umewajaa machoni. Sitaki ifungwe, maana najua ajali ikitokea, agizo la kwanza litakuwa kufunga.

Jambo lenyewe ni hili. Idd el Fitr huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Kila mwaka, bila kukosa. Hapa Dar es Salaam siku za bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Sasa linganisha na ratiba ya watu: swala, pilau, nguo mpya, halafu ufukweni. Wanafika Kunduchi bahari imerudi mbali. Wanatembea mchangani, maji ya magoti, watoto mabegani, wanapanda boti huku wanacheka. Jioni wanarudi mahali palepale na mtu mzima hafiki chini. Ufukwe umebaki ukanda mwembamba, upepo wa alasiri umeshaanza kuchafua maji, na kila mtu anataka kuwahi daladala.

(Idd el Hajj ina nafuu. Huangukia siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, bahari ikiwa haijatoka mbali na maji mafu, siku ambazo kupwa na kujaa hutofautiana kidogo.)

Wavuvi hawa mambo hayo wanayajua tangu utotoni. Asiyeyajua ni mgeni wao, ambaye kwake bahari ni ileile ya kwenye picha. Mgeni huyo hajui pia kwamba likizo ya Desemba ni wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilhali likizo ya Juni, Sabasaba na Nane Nane zote zinaangukia kwenye kusi, upepo wa kutoka kusini unaochafua bahari zaidi. MV Skagit iliyotoka hapa kwetu kwenda Unguja ilizama tarehe 18 Julai 2012, jirani na Chumbe, kusi likivuma. Ile ilikuwa meli. Hizi ni boti za faiba zenye injini moja nyuma.

Sikukuu moja nilimwona mtoto wa miaka kama mitano amevalishwa jaketi okozi la mtu mzima. Lilimfika masikioni. Mama yake alilizungushia kanga kiunoni na kufunga fundo mbili ili lisimvuke kichwani, na kijana wa boti akamwambia, "Hapo sawa, mama." Haikuwa sawa. Mtoto yule angeanguka majini, jaketi lingeelea na yeye angechomoka chini yake. Lakini boti ilikuwa na jaketi kwa kila abiria, na aliyekuja kuhesabu angeridhika.

Mheshimiwa, ofisi yako inaweza kuwaweka meza moja TASAC (wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini), polisi wanamaji, wasimamizi wa hifadhi za bahari na viongozi wa wavuvi. Utabiri wa upepo na mawimbi Mamlaka ya Hali ya Hewa inautoa, na jedwali la maji hupangwa mwaka mzima mapema. Kinachokosekana ni habari hizo kufika mchangani. Naomba ubao kila mahali watu wanapopandia boti: leo maji yanakupwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi, upepo ukoje, boti ya mwisho kutoka kisiwani ni saa ngapi. Siku za bamvua hiyo ya mwisho iondoke mapema, na watu wateremshwe kwa zamu. Jaketi za watoto ziwe sharti la kuondoka.

Wenye mashua za uvuvi nao wasifukuzwe kama wahalifu. Wapewe utaratibu unaoeleweka wa kubeba wageni wachache, wakaguliwe, waachwe wafanye kazi. Mgeni mwenye mshipi aambiwe kabla hajalipa kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, hakuvuliwi hapo; nahodha atampeleka nje yake.

Serikali hii haishindwi kuipangia Idd. Tangu watoto walipopoteza maisha kwenye disko toto Tabora mwaka 2008, sikukuu haipiti bila onyo la kumbi za muziki. Baharini watoto ni walewale, na hawana hata mlango mmoja wa kukimbilia.

Idd el Fitr husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, lakini bamvua haliachi. Naomba ubao uwe umesimama kabla Ramadhani ijayo haijaisha. Atakayetumwa kuusimika Kunduchi amuulize kwanza mzee yeyote anayeshona nyavu pale, amwonyeshe maji ya bamvua yanaishia wapi. La sivyo utasimikwa mahali ambapo saa kumi jioni unasomwa na samaki.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Tegeta