Mwambie Mama sijabadili dini

Pangani, Nairobi
Jumatano usiku

Wakesho wangu,

Hujambo, hawajambo wote, mguu wa baba yako umepoa? Sisi huku wazima, ni hii baridi ya Julai tu inayotutafuna mifupa. Basi, salamu zimeisha, sasa lawama.

Umesikia habari yangu tangu wiki iliyopita na hukunipigia simu. Usikatae, Mwakio ameniambia. Nikaachwa niipokee kutoka kwa mama mwenyewe, Jumapili, ndiyo kwanza ametoka kanisani. Hakuuliza watoto. Aliniuliza, "Mghoi, ni kweli siku hizi unaabudu ng'ombe?" Nilikuwa na wali jikoni. Ukaungua wote, na ile sufuria mpaka leo naisugua.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana nina kazi ya kukutuma. Mtoto wa Mama Zawadi alipita Forest Road (barabara imeshapewa jina la Wangari Maathai, ila makanga bado wanaita Forest) akaniona kwenye hekalu la Wahindi navua viatu, nimemshika bibi kizee mkono. Hayo ni kweli. Lakini unamjua Mama Zawadi, habari ikiingia kwake na ndala hutoka na buti. Kufika Mwatate, jirani na kwetu Voi, tayari nilikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso, nimeacha nyama, na nina jina jipya. Nyama sijaacha. Jumamosi nilikula matumbo mpaka nikaona haya.

Huyo bibi ni Ba. Ni mama mzazi wa tajiri wangu pale mtaa wa Biashara. "Ba" kwa Kigujarati ni mama, na dukani kila mtu anamwita hivyo, hata vijana wa kubeba marobota. Alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Kila Alhamisi huletwa dukani akaketi pembeni ya meza yangu ya hesabu, mkono mmoja ndani ya kifuko cha kitambaa. Ndani ya kifuko mna shanga 108, anazipitisha moja moja kwa vidole huku midomo ikicheza kidogo, kama mtu na tasbihi yake. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Voi. Akanitazama, akasema, "Ah. Simba wenu walikula watu wetu." Wale simba wa Tsavo, Wakesho, waliokula vibarua wa Kihindi wa daraja la reli, mwaka 1898! Alisema kana kwamba mimi ndiye niliyewafuga. Nikamwambia pole sana, Ba. Tukawa marafiki.

Mama akianza na "Wahindi ni watu wa kuja", mkumbushe kwamba serikali ilishawatambua kuwa kabila la 44 la Kenya tangu 2017. Hatashawishika, lakini atatulia, maana anaheshimu kitu kikishatangazwa na serikali.

Nakuandikia kwa mkono, naye Mwakio atakuletea na treni ya Jumamosi, kwa sababu ya ule ujumbe wa sauti wa Januari. Unaujua. Kila mtu anaujua. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Nilikuwa nimesimama jikoni saa tano usiku, ndiyo nimesikia kwamba kaka amempa mtu sehemu ya mbele ya kiwanja cha marehemu baba aweke kibanda cha mabati, hakuniuliza, na kodi ya ardhi ni mimi ninayetuma kila mwaka. Nilidhani nampelekea yeye peke yake. Kumbe nilikuwa kwenye kundi la familia. Mama aliusikia mpaka mwisho, na lile neno nililomwita mtoto wake wa kiume alilisikia pia. Tangu hapo kaka kimya, na mimi Voi sijakanyaga. Pasaka nilisema kazi imenibana. Haikunibana.

Mwezi wa pili Ba alinikuta nimeinamia daftari, machozi yanalowesha risiti. Hakuniuliza nini. Akanipa hadithi. Veda zao, yaani maandiko yao matakatifu, ni nne, za kale mno, na mwishoni mwake huja mafundisho yanayoitwa Upanishadi. Hii inatoka katika ile ya Katha. Palikuwa na mtu aliyekuwa akitoa mali yake yote sadaka, lakini ng'ombe aliokuwa akiwatoa ni vikongwe, hawana tena maziwa, majani yao ya mwisho wameshakula. Mwanawe, Nachiketa, akaona aibu. Akamuuliza, "Baba, na mimi utampa nani?" Kimya. Akauliza tena. Mara ya tatu baba akapandwa na hasira, akasema, "Nakupa Mauti!"

Neno likatoka. Ungesema amebonyeza kutuma.

Kijana akaenda kweli. Kufika kwa Yama, mtawala wa wafu, mwenyeji hayupo. Akalala pale siku tatu na njaa. Yama aliporudi aliona vibaya kumwacha mgeni na njaa nyumbani kwake (hapo mama atamwelewa kabisa), akampa maombi matatu. Wakesho, wewe ungeomba nini? Mimi nilimwambia Ba ningeomba kiwanja. Akacheka mpaka akakohoa. Kijana, ombi la kwanza kabisa, aliomba hasira ya baba yake ipoe, akirudi nyumbani apokelewe. Ombi la tatu ndilo kubwa, aliuliza mtu akifa nini kinabaki, na Yama akajaribu kumhonga kwa dhahabu, ndovu na umri mrefu asiulize, akakataa. Wenye elimu wanakaa juu ya hilo la tatu. Mimi huko sijafika. Nimekwama kwenye la kwanza tangu Februari.

Humo humo ndani ya hadithi Yama anamfundisha kijana kwamba mtu ni kama gari la farasi. Mwili ndio gari. Farasi ni macho, masikio, ulimi na wenzao. Hatamu ni mawazo, wao huita manas. Dereva ni akili yenye kupambanua, buddhi. Na ndani ameketi mwenye gari, atman, yaani nafsi yenyewe, ambaye wala si farasi wala si dereva. Nikamwambia, Ba, mimi farasi nimewaona Ngong siku za mashindano tu, nipe mfano wa matatu. Akasema haya, ufanye mwenyewe. Nikafikiri njia nzima kutoka mjini mpaka Pangani, nikaona tatizo langu: kwenye gari langu anayeendesha ni makanga. Anagonga bodi, anapiga mluzi, "twende twende twende", na dereva anakanyaga mafuta bila kuangalia barabara. Abiria mwenye gari lake amekaa kiti cha nyuma, ameshika begi mapajani, hajui hata kama anaruhusiwa kusema shukisha.

Alhamisi nikampelekea. Ba akasema ndivyo, na kukaa kimya kila asubuhi ni kujifunza kusema shukisha.

Basi hiyo ndiyo "dini" yangu. Saa kumi na moja alfajiri napanda juu ya paa, kule kwenye kamba za nguo, naketi kwenye ile mbuzi ya nazi niliyotoka nayo nyumbani, bledi nimeifunga kitambaa, usicheke, ndicho kigoda pekee nilicho nacho kinachonitosha. Dakika ishirini. Navuta pumzi, naitoa. Adhana inaita ng'ambo, jirani wa chini anafungulia redio ya nyimbo za injili, tangi la maji linadondoka, tone, halafu unangoja, halafu tone. Kwa dakika kumi na saba nafikiria karo. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu chao kingine kitakatifu, sura ya sita, hata Arjuna, shujaa wa vita, analalamika kwamba kuishika akili ni kama kuushika upepo, na Krishna, mungu anayemfundisha, hamwambii ni rahisi. Anakubali ni vigumu, anamwambia ni mazoezi na kujifunza kuachilia. Nilipenda hilo. Watumishi wetu wengine wangesema ni imani yako ndogo.

Sasa hapa ndipo pa kumshika mama. Nilimuuliza Ba niseme neno gani ninapovuta pumzi, nikitegemea atanipa la kwao. Akasema, "Taja jina ulilonyonya nalo." Kwa hiyo nikivuta nasema Bwana, nikitoa nasema utuhurumie. Ni maneno ya ibada ya mama mwenyewe, Wakesho! Nimeyasema tangu tumbo limejaa minyoo, lakini sikuwahi kuyasikia. Mwambie hivyo. Au usiseme "sikuwahi kuyasikia", ataona namlaumu mchungaji.

Na hekaluni ni kwamba mjukuu wa Ba hakutokea siku hiyo, nikamsindikiza mimi. Nje mawe yamechongwa, ndani mbao zimechongwa hadi unaogopa kuegemea. Wanaume upande wao, wanawake wao, kama kanisa letu la zamani. Nilikaa nyuma, nikala kitamutamu walichogawa, nikainamisha kichwa. Ndiyo, nilikiinamisha. Hata bungeni wanamwinamia spika.

Usidhani kila kitu nimekimeza. Wapo kati yao wanaofundisha kwamba yule mwenye gari aliye ndani yangu na aliye ndani ya kaka ni mmoja, na wapo wanaokataa, wamebishana hilo karne na karne, utadhani kikao chetu cha chama. Mimi lile la kuwa mmoja na kaka bado limenikaa kooni. Halafu kuna lile neno la Gita kwamba haki yako ni kazi, si matunda yake. Ba alinisomea tarehe 19, kesho yake ritani za VAT zinatakiwa, mtandao umegoma na mimi natetemeka. Ni kweli lilinisaidia, nilifanya zilizokuwa mbele yangu, moja, halafu nyingine, nikalala. Lakini nilimwambia Ba wazi: tajiri akianza kumhubiria mfanyakazi asitazame matunda, mfanyakazi akimbie. Akasema, "Huyo tajiri ni mwanangu, nitamwambia." Sijui kama alimwambia. Mshahara uko pale pale. Na kuna watu Westlands wanauza huu huu ukimya wikendi moja kwa bei ya mbuzi, yule wa miguu minne, si huyu wangu. Hao ndio mama awaombee.

Nikuambie kitu kimoja tu ambacho sijamwambia mtu. Mwezi uliopita kaka alituma picha kwenye kundi, kile kibanda kimepakwa rangi ya kijani na kimeongezwa baraza. Dole gumba likaenda lenyewe kwenye alama ya kurekodi. Nikabonyeza. Nikaona masikio yamepata moto, ulimi umekauka, na sentensi ya kwanza imeshajipanga, kali, tamu. Nikawa naisikia tone, kule juu kwenye tangi. Ilikuwa sekunde sita, niliziona kwenye simu zikihesabika. Nikaachia, nikafuta, nikaifukia simu ndani ya debe la unga nisije nikajaribiwa. Asubuhi nikaandika: "Nimeona. Tutaongea nikija." Akajibu kwa alama ya dole. Dole tu. Lakini ni jibu la kwanza tangu Januari.

Nisijisifu. Jumatatu iliyofuata nilimfokea mtoto kwa ajili ya kiatu kilichopotea mpaka jirani akabisha hodi. Makanga bado anajua kazi yake.

Kwa hiyo nakutuma. Nenda kwa mama kabla Mama Zawadi hajarudi huko na toleo la pili. Nenda jioni, akishamaliza kulisha kuku, usimwanzie mlangoni. Mpe ile hadithi ya kijana, unajua kusimulia kunishinda, ila ruka ndovu, atauliza maswali ya ndovu wanaokula mahindi na hamtafika mwisho. Kisha mwambie nakuja, mwisho wa mwezi wa nane, na treni ya mchana.

Sasa niambie ukweli. Mama anakula vizuri, au anasema tu? Bado analala na simu chini ya mto? Kaka anapita pale jioni, na akipita anakaa ndani au anasimama uani? Unadhani nimwandikie kabla sijaja au nitokee tu? Lile neno, watu bado wanalisema au limeshapoa? Kiwanja kilichobaki kinatosha mama kuanika mahindi? Na hicho kibanda chenyewe, Mwakio anasema wanakaanga viazi karai vizuri kuliko vya stesheni, ni kweli? Nikishuka tu nikaenda kununua vya shilingi mia pale, nikakaa kwenye hiyo baraza ya kijani nikala, kaka ataelewa, au ataona nimekuja kumkejeli?

Wako,
Mghoi

Usimpe Mwakio jibu la mdomo, atalisahau Mtito Andei.