Yah: Malalamiko kuhusu bomba lenu la majitaka na chupa yangu iliyomwagwa mapokezi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Kwa heshima naandika kuhusu majitaka yanayotoka kwenye bomba la kiwanda chenu upande wa mtoni na kuua samaki, na jinsi nilivyopokewa ofisini kwenu Jumatatu iliyopita. Sera yenu ya mazingira mnaijua, mmeibandika ukutani hapo mapokezi. Sina haja ya kuwasomea.

Nilikuja na chupa ya maji niliyoyachota mita chache chini ya bomba. Nikangoja masaa matatu. Afisa wenu wa mazingira alipotoka, aliichukua ile chupa, akaifungua, akamimina maji yote kwenye chungu cha maua mbele za watu, kisha akanirudishia tupu. "Mama," akasema, "samaki wanakufa dunia nzima. Hayo ni mabadiliko ya tabianchi, si sisi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Naomba nimjibu kupitia kwenu, maana yeye hakunipa nafasi.

Ni kweli dunia inapata joto. Najua matumbawe ya Great Barrier Reef kule Australia yalipauka mwaka 2016, yakapauka tena 2017, 2020, 2022 na 2024, kwa sababu ya joto la bahari. Lakini hata huko, mbolea na matope yakishuka kutoka mashambani huyapunguzia matumbawe nguvu ya kupona. Joto halimwondolei mchafuzi lawama, bali humzidishia. Maji safi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hazifiki 8. Kwenye maji hayo yaliyokwisha kupungukiwa pumzi ndimo mnamomwaga fosforasi na naitrojeni, virutubisho vinavyolisha mwani. Mwani unafumuka, unakufa, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni iliyosalia. Mto ukishaanza kuelemewa na joto, ninyi ndio wa kwanza mnaopaswa kupunguza.

Asubuhi ile samaki walipokufa (hii ni wiki mbili kabla sijaja kwenu, na simu nilizopiga katikati mnazo kwenye kumbukumbu zenu) nilifika mtoni jua halijachomoza. Perege walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanagombania hewa. Ukimgusa mmoja kwa kijiti hakimbii. Kufikia saa mbili wamelala ubavu, wamekwama kwenye utando wa kijani mzito kama rangi ya ukutani. Waliobaki hai ni kambale, kwa kuwa kambale anaweza kuvuta hewa ya juu. Nikapanda hadi juu ya bomba lenu, hatua 200 tu. Pale maji yanaonekana hadi kwenye mchanga, na perege wadogo wanapita kati ya majani. Jua lililowaka juu ya bomba ndilo lililowaka chini yake. Basi kama ni joto, kwa nini kifo kinaanzia kwenye mdomo wa bomba?

Narudi kwenye ile chupa kwa sababu haijanitoka moyoni. Nilimwomba anuse tu, basi. Alipofungua kizibo aligeuza uso pembeni, akafumba macho, ndipo akamimina. Mlinzi aliona. Dada wa mapokezi aliona, akainamisha kichwa. Akajifuta vidole kwa karatasi, mmoja mmoja, ndipo akaniambia habari za tabianchi. Kama yale yalikuwa maji yaliyopata joto tu, aligeuza uso kwa nini?

Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uliripotiwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kikaendelea kumwaga majitaka hadi 1968. Majaribio ya daktari wa kiwanda chenyewe kwa paka yalionyesha chanzo mwaka 1959, yakafichwa. Sisemi mnamwaga zebaki. Nasema vipimo mnavyo, na hamtaki tuvione.

Nilipokaa kuandika nilitaka mambo mawili: niombwe radhi, na nipewe matokeo ya vipimo vya majitaka yenu ya miezi 12 iliyopita. Sasa naona hayatoshi. Bomba lifungwe mpaka mtambo wa kusafisha majitaka ufanye kazi mchana na usiku. Sampuli zichukuliwe na maabara isiyolipwa na ninyi, juu na chini ya bomba, tena alfajiri, wakati oksijeni iko chini kabisa, si saa sita mchana. Na gharama za kuurudishia mto uhai wake mzibebe ninyi.

Nilikuwa nimewapa siku 14. Nimeisoma barua hii tangu mwanzo, nilipofika kwenye chungu cha maua nikazifanya 7. Siku ya 8, barua hii na picha za alfajiri ile zitakuwa mezani kwa mamlaka ya mazingira, pamoja na chupa ya pili, na nakala zitakuwa kwa wakili. Hiyo ya pili niliichota saa ile ile na ya kwanza. Iko kwenye jokofu, imefungwa, imeandikwa tarehe, na hakuna afisa wenu atakayeishika.

Mimi,
Mkazi wa chini ya bomba lenu