Malalamiko: mlituuzia kimya, mkatulaza kwa njia ya viboko

Kwa meneja na wote mnaosoma meseji za hiyo ofisi,

Habari zenu. Hii barua nimeiandika mara mbili nikafuta kwa sababu ya hasira, sasa zimepungua kiasi nikaona niandike tena nikiwa nimetulia, na nawaomba muisome hadi chini, msinitumie tena ile jibu ya "pole kwa usumbufu" nilipata Jumatatu.

Mimi ndiye nilibuku hema mbili za familia kwa kambi yenu ya Naivasha, Ijumaa hadi Jumapili, watu wazima wanne na mtoto mmoja wa miaka minane. Nililipa 17,500 kwa M-Pesa wiki mbili mapema: 1,500 kwa kila mtu mzima kila usiku, 750 ya mtoto, na 1,000 ya kila hema. Risiti ninayo, meseji ninazo, picha pia ninazo.

Kabla nifike kwa yale yalitupata wacha niwaambie mbona nilichagua kwenu, maanake sidhani mnajua ni nini mnauza. Babangu amekuwa soja miaka 26. Alianza Industrial Area akilinda godauni, akaenda Westlands, akamalizia kwa geti ya shule huku Eastlands. Miaka 26 anaingia kazi saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, halafu mchana anajaribu kulala kwa nyumba ya vyumba viwili hapa Umoja, watoto wanne ndani, nje kuna fundi anachomelea milango ya chuma, matatu zinapiga honi, na ikifika Jumapili ni spika za kanisa. Amestaafu mwaka jana lakini usingizi wa usiku umekataa kurudi. Ukiamka saa tisa usiku unampata amekaa sebuleni kwa kiti, taa imezimwa, anasikiliza geti. Kuna siku aliniambia, na wala hakuwa analalamika, ati hakumbuki mara ya mwisho alilala mahali hakuna sauti ya mtu. Hayo maneno yalinikaa. Nikampigia ndugu yangu tukaanza kuchanga.

Sasa tangazo lenu lilisema nini? Lilisema kambi iko ndani ya msitu wa migunga kando ya Ziwa Naivasha, hakuna stima, hakuna muziki, hakuna baa, ni wewe na ziwa. Nilipiga simu kuhakikisha. Dada aliyeshika simu nikamuuliza mara mbili, kweli hakuna muziki? Akaniambia mama, hata redio haturuhusu. Hiyo ndiyo sababu nilituma pesa. Sikuwa natafuta anasa, choo cha shimo ni sawa kabisa, maji ya kuoga ya ndoo ni sawa, kuni tulinunua kwenu bei yenyewe ikiwa juu na sikusema kitu. Tungetaka hoteli tungeenda hoteli, ziko nyingi tu hiyo barabara ya Moi South Lake.

Na nitasema ukweli, Ijumaa ilikuwa venye mlisema. Tulishuka na barabara ya Mai Mahiu, tukasimama kwa lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano wakati wa vita, mzee akasali kidogo, tukafika kwenu saa tisa mchana. Ile migunga yenu na yale magome ya manjano, jua la jioni likiipiga inawaka kama imepakwa rangi. Mbega walikuwa juu wanarukaruka na ile mikia yao mieupe, furukombe analia upande wa maji na mwingine anamjibu kutoka mbali. Kijana wangu alikaa hapo chini ya mti saa nzima bila kuuliza simu. Mama akapika chai kwa moto wa kuni, baridi ikaingia, mnajua Naivasha iko juu karibu mita 1,900, jua likizama tu unatafuta sweta. Saa tatu tukaingia hema. Mzee akalala. Alilala hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi, mama alikuwa anatoka anamchungulia anarudi kutuambia kwa sauti ya chini, bado amelala, bado amelala. Mama alikuwa analia. Kwa hiyo msifikiri nimekuja kuwachafulia jina, kama mngetuacha tu na ile Ijumaa mara mbili ningekuwa nawatumia wateja kila mwezi.

Jumamosi saa kumi jioni zikaingia matatu mbili zimejaa watu, na pikapu nyuma yao imebeba jenereta na spika nne za kimo cha mtu. Dijei mwenyewe alikuja na tisheti yenye jina la kambi yenu kwa mgongo! Nikaenda pale mapokezi, kijana wa zamu akaniambia ni bethidei, ofisi ya Nairobi ndiyo ilipokea hiyo buking, yeye hakuambiwa hadi asubuhi hiyo. Yaani mlijua. Hao hawakujipenyeza kwa fensi, mliwauzia Jumamosi ile ile mliyokuwa mmetuuzia sisi, sisi mkatuuzia kimya na wao mkawauzia pati, mahali pamoja, usiku mmoja. Na wale vijana siwalaumu hata kidogo, walilipa wacheze wakacheza.

Saa mbili usiku ardhi ilikuwa inatetemeka. Kikombe cha chai juu ya meza ya mbao, nilikuwa nakiangalia, chai ilikuwa inapiga viduara viduara kila besi ikigonga. Mbega walikuwa wameshatoka kwa hiyo miti kitambo. Mzee hakusema kitu, alivaa tu koti yake akakaa. Ndugu yangu akapiga namba ya ofisi mara sita, haikushikwa. Ndipo kijana wenu, ambaye kwa kweli alijaribu, akasema kuna nafasi huko chini karibu na maji kelele haifiki sana, akatusaidia kung'oa hema mbili gizani na kuzisimamisha tena mita kama mia mbili mbele. Kabla tukubali nilimuuliza, na viboko? Akasema kuna waya wa stima wa sola. Sawa, tukahama.

Sasa hapa ndipo nataka meneja asome pole pole.

Huo waya haupo. Asubuhi ndiyo tuliuona, nguzo zake zimesimama ndani ya ziwa, zingine maji yamefika katikati, waya umelala ndani ya magugu. Sote tunajua Naivasha ilipanda, kuanzia 2020 kila mtu aliona kwa habari watu wa Kihoto, ule mtaa wa kando ya ziwa, wakihama nyumba zao, na 2025 maji yakawaingilia tena. Hata migunga yenu ya mbele imekufa imesimama ndani ya maji, nyeupe kama mifupa. Maji kupanda si makosa yenu. Lakini ziwa likija mbele na fensi ikibaki nyuma, basi hakuna fensi, na hiyo nafasi mlitupatia iko upande wa viboko. Kijana wenu alisema alikuwa na miezi miwili tu kazini na hajawahi kuambiwa waya haufanyi kazi. Mimi namuamini. Tafadhali msimfute kazi kwa sababu ya barua yangu, aliyestahili kumuonyesha hiyo fensi ni nyinyi.

Kiboko hushinda kwa maji, jua likizama anatoka kula nyasi, anaweza kula kama kilo 40 usiku mmoja, na kabla ya mapambazuko anarudi majini. Anatumia njia zile zile kila siku hadi zinakuwa kama mtaro. Na kila mtu anayeishi kando ya hilo ziwa atakuambia hatari kubwa ni kusimama katikati yake na maji. Hapo katikati ndipo hema zetu zilikuwa.

Ilikuwa saa saba na kitu. Mziki bado unapiga huko juu lakini chini yake mzee akasikia kitu, sisi wengine hatukusikia. Akatuamsha mmoja mmoja kwa kutugusa bega. Kijana wangu alikuwa ameshika tochi, mzee akaweka kiganja chake juu ya tochi, taa ikawa nyekundu kwa vidole vyake, halafu akaizima. Ndipo tukasikia. Nyasi zikikatwa, krap, krap, na pumzi, pumzi nzito ya mnyama mkubwa, karibu hivi kwamba nikahisi kitambaa cha hema kinasogea. Mama na ndugu yangu walikuwa kwa hiyo hema ingine na hatungeweza kuwaita. Nilimziba mtoto mdomo na mkono wangu na mkono wenyewe unatetemeka. Sijui ilichukua muda gani. Mzee aliniambia baadaye ni dakika arobaini, yeye aliangalia saa.

Kiboko alipoondoka, mzee akafungua zipu upana wa kidole kimoja, akajifunga blanketi mabegani, akakaa hapo kwa mlango wa hema. Nikamwambia baba lala, sisi tutaangalia. Akasema nyinyi laleni, hii ni kazi naijua. Akakaa hapo hadi asubuhi. Kila nikifungua macho naona mgongo wake na ile kofia yake ya sufi, ile ile alikuwa anavaa akienda kazi. Miaka 26 amelindia watu mali yao, tukachanga pesa tumpeleke mahali atapumzika, na kwenu akaingia zamu tena, bila mshahara, ya kulinda mjukuu wake.

Asubuhi nilipiga picha. Nyayo ziko wazi kabisa kwa matope, vidole vinne, pana kushinda sahani ya chakula, na moja iko katikati ya kigingi cha hema ya mama na sufuria yetu. Kutoka kigingi hadi nyayo nilipima na kiatu changu, ni viatu viwili. Nyasi kando ya kamba zimenyolewa chini kabisa. Hizo picha niliwatumia Jumapili saa nne asubuhi, na Jumatatu mkanijibu ati wanyama ni sehemu ya maumbile na mteja anakuja kwa hiari yake, na ati tutapewa punguzo la asilimia kumi tukirudi.

Wanyama ni maumbile, ndiyo, hatukuenda kushtaki kiboko. Lakini spika si maumbile. Kuniambia kuna waya na hakuna waya si maumbile. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Kuna sheria ya kulinda wateja ya 2012. Na kuhusu kelele NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, iko na kanuni zake tangu 2009. Sijaenda kokote bado, nimeanza na nyinyi.

Kwa hivyo naomba hivi. Ya kwanza ni pesa ya Jumamosi, 8,750, nusu ya ile nililipa. Ya Ijumaa siitaki, Ijumaa mlitupatia kile tulilipia na ningelipa tena. Hilo punguzo la asilimia kumi wapeeni wengine.

Lakini kushinda pesa, fungeni hiyo sehemu ya chini leo, sio wikendi ijayo, leo, hadi msogeze fensi ije mbele ya maji na mtu aipime kila jioni kama inapiga. Wiki ijayo kutakuwa na familia ingine na mtoto ambaye atatoka usiku kukojoa peke yake. Mzee wangu alijua kusikiliza kwa sababu ndiyo maisha yake, wengine watafungua zipu waangalie ni nini. Na wafanyakazi wote waonyeshwe njia za viboko ziko wapi kabla wakabidhiwe wageni, na simu ya usiku ishikwe na mtu aliye macho.

Halafu mchague. Kama mnataka kupokea mapati, pokeeni, ni biashara yenu, lakini toeni hilo neno la kimya kwa tangazo na mumwambie mtu wazi kabla atume pesa, wikendi hii kuna muziki. Ningeambiwa hivyo ningebuku Jumanne na tusingekuwa tunaandikiana hapa.

Ya mwisho, naomba meneja mwenyewe ampigie babangu simu amuombe msamaha. Yeye hajui naandika hii, angenikataza, husema yameisha. Namba yake iko kwa ile fomu tulijaza getini, jina la kwanza kabisa. Mkimpigia pigeni baada ya saa nane mchana. Asubuhi ndiyo analalanga.

Mteja wenu,
Umoja, Nairobi