Kwa nini watu wamejaa pwani

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa nini kwenye ramani miji mikubwa imejipanga mwambaoni na bara kumebaki kweupe. Kusema watu wanapenda bahari hakutoshi, ndiyo maana nakuandikia.

Anza na mzigo. Kwa ujazo, takriban asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya nchi husafirishwa kwa meli, kwa sababu maji hubeba uzito mkubwa kwa gharama ndogo. Lakini meli haipandi nchi kavu. Ikifunga gatini, shehena lazima ishushwe, na hapo ndipo mji unapozaliwa: makuli, maghala, maofisa wa forodha, mawakala, malori na reli ya kupokea. Mwenye kiwanda kinachotumia malighafi ya ng'ambo naye hujenga jirani ili akwepe nauli ya kuipeleka bara. Wafanyakazi wanahitaji nyumba, watoto wao shule, na mji ukishakua huvuta hata wasiojua gati liko upande gani.

Hali ya hewa nayo inachangia. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo pwani haiungui wala kuganda kama bara la ndani. Australia, ambayo katikati ni kukavu mno, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaishi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini.

Ila bahari peke yake haitoshi. Pwani ya Namibia ni jangwa, na watu wake ni wachache. Addis Ababa, Bogotá na Mexico City ziko mbali na pwani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika nchi za joto, mwinuko huleta ubaridi na hupunguza malaria.

Brazil ilijaribu kuwavuta watu bara. Mwaka 1960 ilihamisha makao makuu kutoka Rio de Janeiro hadi Brasília. Mji ulikua kweli, lakini sehemu kubwa ya Wabrazil bado wako upande wa Atlantiki. Wizara huhama kwa amri. Bandari, soko na ukoo havihami hivyo.

Hilo ndilo linaloninyima raha, mwanangu. Usawa wa bahari unapanda, na Jakarta, jiji la pwani nchini Indonesia, inadidimia kwa kuwa maji ya chini ya ardhi yamevutwa kupita kiasi. Kizazi chenu ndicho kitakachoamua nani ajengewe kuta, nani asaidiwe kuhama, na kwa fedha za nani. Lisomee jambo hili kwa bidii.

Mzazi wako akupendaye