Mmetupatia nusu tu ya jaribio la fotokopi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu siri za lugha inayoshawishi, ile yenye orodha ya "maneno saba", imesambaa sana. Nimetumiwa na watu kadhaa, akiwemo bosi wangu, ambaye tangu hapo barua pepe zake zimejaa "kwa sababu" kila mstari. Simlaumu mwandishi kwa kusema kwamba ushawishi unaweza kupimwa. Unapimika, tena vizuri. Ninachomlaumu ni kwamba alitupatia nusu ya vipimo, nusu ya pili akaikalia, na hiyo aliyoikalia ndiyo yenye faida kwa msomaji.

Chukueni mfano wake wa mashine ya fotokopi. Ameandika kwamba ukitaja sababu yoyote, hata isiyo na kichwa wala miguu, watu watakubali ombi lako. Jaribio lenyewe ni la mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake wawili, lilifanyika New York na kuchapishwa mwaka 1978. Mtu anamwendea mwenzake anayetaka kutumia mashine na kumwomba ampishe. Walioombwa bila kupewa sababu, asilimia 60 walikubali. Walioambiwa kwamba mwombaji ana haraka, asilimia 94. Walioambiwa "kwa sababu nahitaji kutoa nakala", jambo ambalo kila anayesogelea mashine ile analihitaji, asilimia 93. Makala yenu iliishia hapo, na kusema kweli takwimu hizo ni tamu kusimulia.

Ila hayo ni matokeo ya ombi dogo, pale mwombaji alipokuwa na kurasa chache kuliko anayeombwa. Ombi lilipokuwa kubwa mambo yalibadilika: bila sababu, asilimia 24, kwa ile sababu tupu, 24 vilevile, kwa sababu ya haraka, 42. Maana yake mtu akiona kwamba kukubali kutamgharimu, anatega sikio, na maneno ya kujazia hayamsogezi hata hatua moja. Langer mwenyewe alikuwa anachunguza jinsi tunavyotenda bila kufikiri katika mambo madogo. Kuligeuza jaribio lake kuwa mbinu ya kumshawishi yeyote kwa lolote ni kulisoma kinyume. Isitoshe, walioombwa walikuwa 120 tu, waliogawanywa katika mafungu sita, kwa hiyo hata asilimia zenyewe zisichukuliwe kama msahafu.

Halafu kuna zile nukuu za "wataalamu wenye uzoefu" mlizozipanga chini ya makala. Uzoefu ndio ambao data imeuaibisha kuliko kitu kingine chochote. Mwishoni mwa 2007, kikosi cha mtandaoni cha kampeni ya urais ya Barack Obama, akiwemo Dan Siroker, kilijaribu vitufe vinne na picha au video sita kwenye ukurasa wa kuwaandikisha wafuasi. Ikawa miunganiko 24, na kila aliyefungua ukurasa alionyeshwa mmojawapo kwa bahati nasibu. Wafanyakazi wa kampeni walikuwa na kipenzi chao, video moja ya mgombea akihutubia. Video zote zilishindwa na picha zote. Iliyoongoza ni picha ya familia yake pamoja na kitufe cha kumwalika mtu afahamu zaidi, badala ya kile cha kumtaka ajisajili. Waliojiandikisha walipanda kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Hao walikuwa watu wa kazi hiyohiyo, na bado walikosea.

Nako kupanda huko msikukuze. Kubonyeza kitufe ni jambo dogo, na ukurasa ule ulifunguliwa na watu ambao tayari walikuwa na hamu ya kumjua mgombea. Wanasayansi wa siasa Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya kampeni za Marekani, yakiwemo ya kugonga milango, simu na vipeperushi, wakachapisha matokeo 2018. Kadirio lao bora la athari za mbinu hizo kwa uamuzi wa mpiga kura, katika uchaguzi mkuu, ni sifuri. Pale ambapo mtu alifikiwa mapema na kupimwa papo hapo, athari ilionekana. Siku ya kura ilipofika ilikuwa imeyeyuka.

Watafiti haohao ndio walioonyesha pia kwamba kuna kinachofanya kazi. Walisaidia kufichua kwamba utafiti uliosifiwa sana kuhusu mazungumzo ya mlangoni, uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2014, haukuwa na data ya kuaminika. Jarida likaufuta 2015. Kisha wakafanya jaribio lao wenyewe huko Miami. Mtu anagonga mlango, anazungumza na mwenye nyumba kwa dakika kama kumi kuhusu watu waliobadili jinsia, na anamwomba akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti. Miezi mitatu baadaye, chuki ilikuwa bado imepungua. Hakuna neno la ajabu humo. Kuna muda, kuna maswali, na kuna mtu anayesikiliza majibu, vitu ambavyo havifungashiki katika orodha ya "maneno saba".

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena makala ya namna hii, tajeni nani alilinganishwa na nani, walikuwa wangapi, walitakiwa kutoa nini, na walipimwa baada ya muda gani. Hayo hayazidi sentensi mbili. Kwa hii ya sasa, ongezeni zile asilimia 24 mbili na ile 42 kwenye safu yenu ya masahihisho.

Msomaji wenu