Njia ya miamba: tazameni maji kwanza

Mhariri,

Nawaomba wanaopanga kutembelea njia ya miamba ya kisiwa kidogo waanze na jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Toka kupwa moja hadi nyingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa ya jana haifai leo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hurudi mbali zaidi na kufunua tabaka zilizozama siku nyingine. Washuke maji yakiwa bado yanatoka, wageuke kabla hayajaanza kujaa.

Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya ukuta wa mwamba wenye matumbawe ya kale, juu kabisa ya kimo cha mawimbi. Matumbawe hukua chini ya maji; kuyakuta huko juu ni ushahidi kwamba bahari ilishuka au ardhi iliinuka. Niliyapapasa kwa vidole, nikanyamaza.

Iliniuma kuona pembeni alama mbichi za nyundo. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, kikibanduliwa hupoteza habari zake, maana umri wake husomwa kwenye tabaka kilimolala. Pigeni picha, mkiache.

Msomaji wako