Aspirini si dawa ya mafua, wala damu haijawa "nzito"

Mhariri,

Kuna mazoea yaliyobaki tangu enzi za UVIKO-19: mtu akishikwa na mafua makali hupitia duka la dawa kununua aspirini "ya kulainisha damu". Ni kweli maambukizi huweza kugandisha damu mishipani, lakini tatizo halianzii kwenye uzito wa damu. Linaanzia kwenye ukuta wa mshipa.

Ndani ya mshipa kuna utando wenye unene wa seli moja tu. Ukiwa mzima unateleza, na hutoa kemikali zinazozuia chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) zisinate. Virusi vikivamia mapafu, vita vya kinga ya mwili humwagikia kwenye damu na kuuchubua utando huo. Hapo unageuka kuwa mbaya: unaachia protini ya von Willebrand, ambayo ni gundi hasa. Chembe sahani zinashika, nyuzi za fibrini, protini ya kugandisha damu, zinazisuka pamoja, donge la damu limeanza. Influenza, yaani homa kali ya mafua, nayo imo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018 ulionyesha kuwa katika siku 7 za mwanzo baada ya influenza kuthibitishwa, watu walilazwa kwa shambulio la moyo mara 6 zaidi ya nyakati nyingine.

Aspirini hugusa chembe sahani tu. Donge la kwenye veni ya mguu (mshipa unaorudisha damu moyoni) limejaa fibrini, na dawa yake ni heparini na wenzake, dawa za kuzuia damu kuganda, kwa cheti cha daktari. Huko Uingereza, katika jaribio la RECOVERY, wagonjwa wa UVIKO-19 karibu 15,000 waliolazwa walishirikishwa. Aspirini ya miligramu 150 kwa siku haikupunguza vifo. Kwetu kuna hatari nyingine: "mafua" hayo yakiwa dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, aspirini huzidisha kuvuja damu. Mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye mafua asipewe, inaweza kumharibu ini na ubongo. Aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi asiache bila kumuuliza daktari.

Afadhali hela hiyo inunue futi ya fundi cherehani. Mguu mmoja ukiuma au kuvimba, papasa nundu ya mfupa chini ya pia ya goti, shuka sentimita 10, zungushia futi kwenye shavu la mguu bila kukaza. Pima na wa pili mahali pale pale. Tofauti ikizidi sentimita 3, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiuchue kwa mafuta, donge linaweza kung'oka likapanda mapafuni. Ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, usisubiri hata kupima.

Hospitalini, kipimo cha damu cha D-daimeri, yaani mabaki ya donge linapoyeyuka, kikitoka juu kisikutishe peke yake. Maambukizi yenyewe hukipandisha, hata ujauzito. Omba altrasaundi ya mguu.

Wafamasia wawili,
Tanga